Kabla Hamjaleta Tisheti na Unga Tena Gongoni

Nianze na aibu yangu mwenyewe, manake nikianza na ya wengine mtasema najifanya mtakatifu.

Kuna Desemba moja nilipigiwa simu na jamaa wa kampuni fulani. Jina siitaji, na hata ukininunulia viazi karai na ukwaju sitaji. Alikuwa anatafuta kijana wa kuwarekodia video ya siku yao ya "kurudisha kwa jamii". Malipo shilingi 4,000 na chakula cha mchana. Mimi wakati huo nilikuwa nimesota vibaya, hata bando nilikuwa nakopa. Nikasema niko.

Wakaja na basi. Wafanyakazi kama thelathini, wote tisheti moja nyeupe yenye nembo kifuani, wengi wao vijana wa rika letu, wachangamfu, watu wazuri kabisa. Nalisema hilo mapema kwa sababu sina ubaya nao. Wakapanga meza chini ya mwembe. Kila mama anapewa pakiti ya unga kilo 2, maharagwe kidogo, mafuta nusu lita na pakiti ya chumvi. Chumvi, wasee. Gongoni! Wamama wakaangaliana, mmoja akajifunika mdomo na leso, akacheka hadi machozi.

Sasa kuna mama mmoja, umri wake kama wa hawe wangu, alipofika mbele akapokea mfuko wake, akaanza kuondoka. Akaitwa arudi. Arudishe mfuko mezani, apokee tena. Akarudi, akapokea. Haikuwa sawa. Akaambiwa tena, na safari hii atabasamu. Mara tatu yule mama alipewa unga uleule.

Aliyesema jua liko nyuma yake na picha haionekani ni mimi.

Video ilifanya vizuri sana. Nililipwa siku hiyohiyo. Na tangu hapo nikipita kwa yule mama, nikimwambia "shikamoo", ananiitikia "marahaba mwanangu" vizuri tu, kama kawaida, na hiyo ndiyo inaniumiza zaidi. Angenitukana ningepumua.

Basi nimekaa na hii kitu muda mrefu, na leo nataka tuongee. Najua wengi mnaosoma hapa mko chuo, mko kwa atachimenti, wengine mshaanza kazi Malindi, Kilifi, Mombasa, na kuna siku mtaulizwa ofisini, "Vijana, mwaka huu tufanye nini kwa jamii?" Nataka siku hiyo muwe na jibu.

Kwanza fanya hesabu na mimi. Watu thelathini, kila mmoja ametoa siku nzima ya kazi, tuseme masaa nane. Hayo ni masaa 240. Na hawa si watu wa mtaani tu kama mimi. Nilipiga nao stori wakati wa kula. Kulikuwa na fundi wa umeme, mhasibu, madereva wawili, dada anayefanya kazi maabara, jamaa anayetengeneza pampu. Masaa 240 ya watu kama hao yakaisha kwa kupeana pakiti, kazi ambayo vijana watatu wa bodaboda wangeimaliza kabla ya adhuhuri. Na ule unga? Nyumba ya watu saba, kilo 2 ni sima ya jioni mbili, ukibana. Jumamosi walikuja, Jumatatu watu wako palepale walipokuwa Ijumaa.

Kwa wale hawajafika huku: Gongoni iko kaskazini mwa Malindi, ukishavuka Sabaki ukapita Mambrui, kwa ile barabara ya kwenda Garsen na Lamu. Ni kata ndani ya Magarini, Kaunti ya Kilifi. Ukikaribia, utaona vilima vyeupe kwa mbali, mgeni anaweza kudhani ni theluji. Ni chumvi. Ukanda huu kutoka hapa Gongoni hadi Marereni na Kurawa ndio unaotoa sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya. Hiyo unayorushia ugali wako huko Nairobi, kuna uwezekano mkubwa imekauka kwa jua letu. Na ukikata kuelekea baharini unafika Ngomeni, pale penye mitambo ya Waitaliano, ambapo tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa satelaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kuchunguza nyota. Yaani hapa kwetu watu walishapima nyota za mbali, lakini kisima kikiharibika pampu, tunakaa wiki.

Halafu kuna hii namba. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 uliangalia watoto wa chini ya miaka 5 ambao wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kukosa lishe bora kwa muda mrefu. Nchi nzima ni watoto 18 kwa kila 100. Kilifi ni 37. Hakuna kaunti iliyotushinda, hata zile za kaskazini ambazo tumezoea kuziona kwenye habari za njaa. Soma tena. Kaunti ya mahoteli ya Watamu, ya nyumba za kifahari Malindi, ya maembe, ya nazi na samaki, ndiyo inaongoza Kenya kwa watoto kudumaa.

Na kudumaa hakuonekani kwa picha. Mtoto aliyedumaa anacheza mpira, anaimba, anatabasamu kwenye video yangu. Unafikiri ana miaka mitatu kumbe ana mitano. Darasani ndipo inaanza kuonekana, na wakati huo saa imeshapita, kwa sababu mambo mengi hujengwa tangu mimba hadi mtoto afike miaka miwili. Unga wa Desemba haugusi hiyo kitu hata kidogo.

Ndiyo maana nasema kampuni zikitaka kupigana na njaa huku, ziache kuuliza "tutoe nini?" Waanze na "lini?" Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona mtu akiiongea.

Chumvi hutengenezwa hivi. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye mabwawa mapana ya kina kifupi. Jua na upepo vinayakausha, yanapelekwa bwawa hadi bwawa yakizidi kuwa makali, mpaka mwisho chumvi inaganda chini, inakusanywa. Kwa hiyo adui wa chumvi ni mvua. Ikinyesha kubwa, maji matamu yanachanganyika na yale makali, kazi ya wiki inayeyuka. Msimu wa kaskazi, jua likiwa kali, vibarua wanapata siku za kazi. Mvua ndefu zikianza, kuanzia Aprili hivi, kazi inapungua, vibarua wanarudi nyumbani.

Sasa huko nyumbani ni vipi? Mahindi ya msimu uliopita, kama yalipatikana, yashaisha. Mapya ndiyo yanapandwa. Kunde na mahindi mabichi utayaona miezi kadhaa baadaye. Kwa hiyo kwa nyumba nyingi za hapa, miezi ile ile pesa ya kibarua inapokauka ndiyo miezi ghala lina panya tu, na ndiyo miezi shamba linataka nguvu nyingi zaidi. Mvua ambayo kampuni inailaani, mkulima anaiomba, na mara nyingi ni mtu mmoja: baba ni kibarua wa chumvi, mama analima ekari moja, au kinyume chake.

Na kampuni zinakuja lini na tisheti? Desemba. Kwa sababu ya Krismasi na bajeti ya mwaka inayotaka kuisha.

Hebu fikiria kampuni imesema: masaa yetu ya kujitolea yote tunayaweka Machi mwisho hadi Juni. Wakati mashine zimelala, trekta za kampuni zinalimia vikundi vya wamama kabla mvua haijaanza, halafu greda linachimba au kuzibua silanga za maji. Madereva wanaendesha, mafundi wanatengeneza pampu. Wewe wa ofisini usiyejua jembe linashikwaje, utaambiwa upande kunde na mgongo utakuuma, na ni sawa. Hii si kitu kigeni huku. Wazee wetu Wagiriama walikuwa na mwerya: watu wanakusanyika kwa shamba la mmoja, wanalima lote, kesho wanaenda kwa mwingine, mwenye shamba anapika. Hawe akisimulia mwerya, stori yake huanza na chakula kila mara, eti kwa nyumba ya nani sima ilikuwa ngumu na kwa nani mboga ya kutsuha ilikuwa na tui. Lakini kitu kimoja anasisitiza: hukwenda mwerya siku unayotaka wewe. Unakwenda siku shamba linahitaji.

Kitu cha pili ni maarifa. Yule dada wa maabara niliyemtaja, kazi yake ya kila siku ni kupima maji na vitu vingine. Kampuni za chumvi nazo zina watu ambao asubuhi hadi jioni wanapima ukali wa maji ya chumvi. Na shida ya Gongoni ni nini? Visima vyenye maji ya chumvi! Mtu anachimba kwa pesa ya chama, anafika maji, anaonja, anatema. Au maji yalikuwa mazuri, mwaka baada ya mwaka yanabadilika, na hakuna aliyeandika. Siku mbili kila miezi mitatu, timu ya maabara ipite visima vya kijiji, ipime, iandike kwa daftari linalobaki kijijini, ibandike ubaoni. Bila unga, bila basi. Bustani ya mboga bila maji matamu haipo, na mtoto bila mboga ndiyo hiyo 37 kwa 100.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini hizo kampuni za chumvi ndizo watu wanalaumu kwa maji kuharibika." Ndiyo, na siwezi kuruka hapo. Julai 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti baada ya kufanya vikao vya wazi na kusikiliza wananchi wa Magarini kuhusu viwanda vya chumvi: malalamiko ya ardhi, ya watu kuhamishwa, ya maji na mazingira, ya hali ya vibarua. Ripoti ipo, mtu yeyote anaweza kuisoma. Mimi nilikuwa mdogo, lakini watu wazima hapa bado wanaiongea kama jambo la wiki iliyopita. Kwa hiyo kampuni yoyote inayokuja kujitolea Gongoni, hata ya benki au ya simu ambayo haihusiki na chumvi kabisa, inaingia kwenye kijiji chenye kumbukumbu. Ukija kupima visima vya watu, majibu yatoke hadharani hata kama hayakupendezi. La sivyo usije.

Na kuna jambo lingine nililoahidi mwenyewe kusema bila kupaka asali. Njaa mara nyingine iko ndani ya geti. Kibarua wa kulipwa kwa siku, anayeingia saa kumi na mbili bila chai na kutoka jioni na pesa ya kibaba cha unga, huyo usimwambie Jumamosi aje "kujitolea kwa jamii". Yeye ndiye hiyo jamii. Kwa mwenye mshahara wa mwezi, siku ya kujitolea ni kama ka-likizo, unatoka ofisini, unapigwa na upepo, mwisho wa mwezi mshahara ni uleule. Kwa kibarua ni siku bila sima. Nimesikia visa vya watu kuambiwa na msimamizi wao kwamba asiyekuja siku ya kujitolea, jina lake litakumbukwa. Hiyo siyo kujitolea bwana, tafuta jina lingine.

Kwa hiyo masharti yangu mawili, kama kuna bosi anasoma. Masaa ya kujitolea yawe masaa ya kazi yanayolipwa, kwa wote, kibarua na meneja. Na kabla ya kulisha kijiji, weka chakula cha mchana kazini. Pure, yaani mahindi na maharagwe, sufuria kubwa, kila siku. Haina picha nzuri, najua. Lakini kibarua aliyeshiba mchana anapeleka pesa yake yote nyumbani.

Ngoja nitoke Gongoni kidogo, ndio msiseme naongea ndoto.

2011, wakati wa ule ukame mkubwa, Safaricom Foundation, benki ya KCB, vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu walianzisha Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa milioni 500 kwa wiki nne. Watu wakatuma hata shilingi 10 kwa M-Pesa, na mwisho zikapita bilioni moja ukijumlisha na vitu vilivyotolewa. Kwa hiyo moyo wa kutoa Wakenya tunao, usituambie hatuna. Lakini ukame ulirudi. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano mfululizo ya mvua ilifeli, Septemba 2021 Rais akautangaza janga la kitaifa, na kufikia 2023 Wakenya wapatao milioni 5.4 walikadiriwa kuwa kwenye uhaba mkubwa wa chakula kati ya Machi na Juni. Kilifi tulikuwa humo ndani. Mnakumbuka 2022 unga wa kilo 2 ulipovuka shilingi 200? Nyumbani kwetu tulirudi kwa muhogo, asubuhi muhogo, jioni muhogo, na mjomba akawa anauita "mkate wa Kilifi" ndio tucheke.

Pesa ile ya 2011 iliokoa maisha. Ila pesa ya dharura inaisha na dharura. Masaa ya watu ni tofauti, yanaweza kurudi kila mwezi.

Kuna kampuni ya programu za kompyuta kule Marekani, Salesforce, ambayo tangu ilipoanza 1999 iliamua asilimia moja ya muda wa wafanyakazi iende kwa jamii, na sasa mfanyakazi ana siku 7 kwa mwaka za kujitolea akilipwa. India nayo, sheria yake ya kampuni ya 2013 inazitaka kampuni kubwa zitumie angalau asilimia 2 ya faida kwa mambo ya jamii. Kenya hatuna sheria ya namna hiyo na sijui kama naitaka, kwa sababu naona kabisa vile ingegeuzwa kuwa tisheti zaidi. Lakini siku 7! Kampuni ya watu 100 ikitoa siku 7 kila mmoja, hizo ni siku 700 za kazi kwa mwaka. Kwa siku 700 pale Gongoni mimi nakujengea kitu.

Nikujengee nini? Tazama Food4Education. Ilianzishwa 2012 na Wawira Njiru, akaanza kulisha watoto wachache Ruiru, leo ni majiko makubwa, mtoto anagusisha bangili yake anapata sahani, mzazi analipa kidogo. Hilo jiko halihitaji watu thelathini waje siku moja kupakua wali na kupiga selfi. Linahitaji kuni au gesi isiyokatika, lori lisilokwama, hesabu zinazofunga, mtu anayejua kununua mahindi bila kuuziwa yenye sumu ya kuvu. Hizo ndizo kazi ambazo watu wa kampuni wanazifanya kila siku huko kwao! Mhasibu mmoja akija kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi kufunga vitabu vya jiko la shule, ametushinda sisi wote na kamera zetu.

Au maembe. Msimu wa maembe nenda Marafa, nenda Garashi, utakuta ngowe zimeanguka chini zinaoza, dalali anataka kununua kwa bei ya kumtusi mkulima, na kilomita kadhaa kutoka hapo kuna mtoto hajala tunda wiki nzima. Kuna shirika linaitwa Food Banking Kenya linalokusanya mazao yanayobaki mashambani na sokoni na kuyapeleka kwa wanaoyahitaji, kwa hiyo wazo si geni. Huku tunachokosa ni lori na mtu wa kupanga safari. Lori la kampuni lililopeleka mzigo Mombasa likirudi tupu, lina shida gani kupita njia ya maembe mara moja kwa wiki kwa miezi miwili? Na jua hili hili na upepo huu huu unaokausha chumvi, vikiwekewa kikaushio safi chenye wavu, vinakausha embe pia. Embe kavu linakaa hadi Aprili. Hapo umeunganisha msimu wa shibe na msimu wa njaa, na hujagawa pakiti hata moja.

Kidogo kuhusu nani aamue nyumba gani ipate nini. Tafadhali msianze na orodha ya mwanasiasa. Tuna wahamasishaji wa afya ya jamii, wale dada na mama wenye mikoba, zaidi ya 100,000 nchi nzima tangu programu ilipozinduliwa upya Septemba 2023. Wanazunguka nyumba kwa nyumba, wanapima mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi, kijani, manjano, nyekundu. Wanajua mlango gani una nyekundu. Marupurupu yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, zikifika. Kampuni ikitaka kujua pa kuanzia, ikae chini na mhamasishaji mmoja wa Gongoni kwa nusu saa, na imlipie nauli ya bodaboda.

Kuna rafiki yangu anafanya kazi ofisi ya wafanyakazi ya kampuni moja Mombasa, nikamsomea haya yote kwa simu. Akaniambia, "Bro, kampuni si serikali. Katiba kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, hiyo waulizwe serikali. Kilimo ni cha kaunti tangu ugatuzi. Sisi tukianza kuchimba silanga, gavana atalala." Kusema ukweli alinibana, na sehemu yake yuko sawa. Kuna hatari serikali ikaona kampuni zimeshika jembe ikaenda kupumzika. Kwa hiyo hizo silanga na vipimo vya visima viandikwe, vipelekwe kwa afisa wa kilimo wa kata, kaunti iambiwe: hii mmeifanyiwa, hii bado, bajeti iko wapi? Lakini nikamuuliza na mimi, kama kampuni si serikali, kwa nini kila Desemba mnakuja na unga? Akacheka. Akasema, "Unga ni rahisi."

Unga ni rahisi, ndiyo. Na chumvi yenyewe inatuonyesha viwanda vinaweza kufanya zaidi. Tangu 1978 sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula iwekwe madini joto, ndio maana uvimbe wa shingo kwa watoto si kitu unachokiona kila pahali. Hapakuhitajika sherehe wala siku maalum. Kila pakiti, kila siku, inatoka kiwandani ikiwa na hiyo kinga ndani, na mlaji hata hajui.

Sasa sisi wenye simu. Kontenti ya njaa inauza, mnajua na najua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema taarifa za mtoto huwezi kuzitumia bila idhini ya mzazi au mlezi, na sura ya mtoto ni taarifa zake. Ukiitwa kurekodi, uliza kama mzazi amekubali, na amekubali kabla ya kuona unga au baada. Mimi siku ile sikuuliza mtu. Nilikuwa nawaza jua liko upande gani.

Mwezi uliopita yule jamaa amenipigia tena. Wanakuja Desemba, wanataka video ndefu kidogo, na malipo yamepanda hadi 7,000. Nikamwambia nitafanya bure, ila waje Aprili, waje na fundi wa pampu na yule dada wa maabara, na kamera nitaiwasha wamama wakisema sawa. Akanyamaza kidogo, akasema atawauliza wakubwa. Hajarudi bado.

Jana nilipita kwa yule mama. Nikamweleza nilichofanya siku ile, kwamba mimi ndiye nilisema jua. Alikuwa anachambua mnavu. Akasema, "Najua mwanangu, nilikusikia." Kisha akaniuliza hao watu wakija tena, kama naweza kuwaambia kisima cha pale mkwajuni pampu yake imekufa tangu Ramadhani.

Nimewaandikia. Ujumbe una tiki mbili za kijivu.